Spitfire ya sarakasi: nini ubadilishe, nini usiguse

SWALI: Naandika kutoka Nakuru. Nimerusha ndege za rimoti za mazoezi kwa muda, na sasa nimepata ramani ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, yenye mabawa ya mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha, iliyochorwa kwa uwiano wa ndege halisi. Nataka ndege ya sarakasi: ipige vitanzi, ibiringike polepole, iruke tumbo juu, iruke kwa ubavu. Lakini nataka pia mtu akiitazama aseme bila kuuliza, "Hiyo ni Spitfire." Wenzangu wananiambia niijenge ramani ilivyo, kisha nifunge mota kubwa. Wengine wanasema niachane na Spitfire, nijenge Mustang, ile ya Wamarekani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, mota kubwa itakupandisha juu haraka, basi. Haitazuia bawa moja lisikuangukie unapokata kona ya mwisho kuja kutua, wala haitaifanya ndege iruke tumbo juu bila kushindana nawe. Ukiijenga ramani hiyo kama ilivyo, utapata ndege ya kupendeza inayopita mbele ya watu, inageuka na kutua. Sarakasi itazifanya kwa shingo upande.

Sababu ni kwamba Spitfire ilichorwa iruke ikiwa imekaa sawa. R. J. Mitchell na wenzake pale kampuni ya Supermarine, ambao Spitfire yao ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936, walitakiwa kutengeneza ndege ya kupanda haraka, kukimbia na kugeuka kwa ufinyu. Hata injini haikupenda kupinduliwa. Injini za Merlin za mwanzo zilitumia kabureta, na rubani akisukuma fimbo mbele ghafla, mafuta yalikwenda kombo na injini ikakohoa au kuzima kwa muda. Bf 109 ya Wajerumani ilikuwa na pampu ya kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo rubani wake aliweza kuinamisha pua na kutoroka. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling wa Farnborough alibuni kidude kidogo chenye tundu cha kubana mafuta yanayoingia kwenye kabureta. Kilipunguza tatizo, lakini hakikuifanya Spitfire kuwa ndege ya kukaa tumbo juu.

Ndege ya sarakasi ni kinyume chake: haitakiwi kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Karibu kila badiliko nitakalokutajia linatokana na hilo. Habari njema ni kwamba mambo yanayoipa Spitfire sura yake na mambo yanayoisumbua ikipinduka si yaleyale. Ndege ikiwa mita 70 kutoka uliposimama, jicho linaona mchirizo wa ukingo wa nyuma wa bawa, pua ndefu, kioo cha rubani na mahali kilipokaa, na umbo la mkia. Unene wa bawa halioni. Pembe ya bawa halioni. Mkia ukiwa mkubwa kwa asilimia 15, anayejua ni wewe na rula yako.

Basi kabla hujashika kisu, chagua toleo. Watu wengi huchora Spitfire ya 1940 kwa sababu ndiyo wanayoijua, na kwa kazi yako hilo ndilo toleo gumu kuliko yote. Fw 190 ilipoanza kuwatesa marubani wa Spitfire Mk V (Mk ni toleo, hili ni la tano) mwishoni mwa 1941, jambo moja lililowaumiza ni jinsi ile ya Kijerumani ilivyobiringika haraka. Waingereza, miongoni mwa mambo mengine, waling'oa ncha za mabawa ya baadhi ya ndege zao na kuziba palipobaki kwa kipande kifupi. Zikabiringika vizuri zaidi karibu na ardhi. Baadaye ikaja Mk XIV yenye injini ya Griffon, pua ndefu zaidi na mkia wima mkubwa zaidi, na nyingi za toleo la upelelezi, FR XIV, zilikuwa na ncha zilizokatwa na kioo cha rubani cha kuba kinachoonesha pande zote.

Hiyo ndiyo ndege yako. Tazama vipimo: Spitfire ya kawaida ina mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Ikikatwa ncha inabaki chini kidogo ya mita 10. Mk XIV ina urefu wa karibu mita 9.96 kutoka pua hadi mkia. Maana yake urefu wa ndege na urefu wa mabawa vinakaribiana sana, na hivyo ndivyo zilivyo ndege za mashindano ya F3A, daraja la sarakasi la FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, ambazo hazitakiwi kuzidi mita 2 kwa mita 2. Historia imekuchorea nusu ya kazi. Wapo watakaolalamika kwamba Spitfire bila ncha za duara si Spitfire. Waoneshe picha za 1945.

Kwa kuwa ncha zinaondoka, likuze umbo zima kwa asilimia 10. Mabawa yenye ncha yangekuwa mita 1.65, ukikata unabaki na takribani mita 1.45. Eneo la mabawa linakuwa karibu desimita mraba 46 badala ya 40 za ramani yako. Upana wa bawa shinani, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma pale linapoungana na bodi (kiwiliwili cha ndege), ni kama milimita 374.

Sasa tuingie kwenye bawa lenyewe, maana hapa ndipo ndege hizi zinapofia.

Bawa la Spitfire limesokotwa. Shinani linatazama juu kwa digrii 2, na kuelekea nchani linapungua hadi nusu digrii chini ya mstari. Lengo lilikuwa zuri: ndege ikipungua mwendo, sehemu ya shinani inaachia hewa kwanza, yaani inapoteza nguvu ya kuinua, rubani anasikia ndege inatetemeka, na eleroni kule nchani, vile vibao vya kubiringisha ndege, bado zinafanya kazi. Marubani wengi walinusurika kwa sababu ya tetemeko hilo. Lakini ipindue tumbo juu. Msokoto uleule sasa umegeuka kuwa adui: ncha ndizo zenye pembe kubwa, na ndizo zitakazoachia kwanza. Unasukuma elevata, kibao cha mkia wa mlalo cha kuinua na kushusha pua, ili upige kitanzi cha nje, na katikati ya kitanzi ndege inajigeuza ghafla upande mmoja kama vile hukuwa unaiongoza. Kwa hiyo msokoto uondoe wote. Bawa zima likae kwenye mstari mmoja, shina na ncha.

Ukiondoa msokoto umeondoa pia kinga ya ncha, na ni lazima uirudishe kwa njia isiyojali juu wala chini. Kukata ncha kumefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Bawa lenye umbo la yai linasinyaa haraka sana mwishoni: kwenye ramani yako ya sasa, ukifika asilimia 95 ya safari kutoka katikati kwenda nchani, upana uliobaki ni kama milimita 106 tu. Kwenye bawa lililokuzwa na kukatwa, sehemu ya mwisho ina karibu milimita 177. Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu hewa haijui kupunguza uwiano. Wahandisi hutumia namba ya Reynolds kulinganisha upana wa bawa, mwendo na unato wa hewa. Ndege halisi ikija kutua, namba hiyo ilikuwa katika mamilioni. Ncha yako ya milimita 106 kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde, kwenye hewa ya Nakuru, haifiki 80,000. Hapo hewa hubanduka kwenye bawa kwa kisingizio chochote. Kwa ncha ya milimita 177 unapata kama 125,000. Si utajiri, lakini unaweza kuishi nayo.

Kisha mkato wa bawa. Spitfire ilitumia mkato wenye mgongo uliopinda zaidi ya tumbo, wenye unene wa asilimia 13 ya upana shinani na karibu 9 kuelekea nchani. Wewe tumia mkato unaolingana juu na chini, na uugeuze mpango wa unene: NACA 0013 shinani, NACA 0015 nchani (tarakimu mbili za mwisho ni unene kwa asilimia ya upana). Ndiyo, ncha iwe nene kwa uwiano kuliko shina. Kutoka chini hakuna atakayeona.

Nitakuonesha kwa karibu kwa nini hili linaokoa ndege. Chukua ncha ile ya milimita 177. Ukitumia mkato wa unene wa asilimia 9, pua ya bawa ina duara la nusu kipenyo cha milimita 1.6, yaani ni nyembamba kama kijiti cha mshikaki. Ukitumia asilimia 15, nusu kipenyo kinakuwa milimita 4.4: nene kuliko penseli. Pua butu humvumilia rubani anayevuta fimbo kupita kiasi. Pua kali haimvumilii. Na hapa ndipo mafundi wengi huharibu kazi nzuri kwa msasa. Balsa, ule ubao mwepesi, ya ukingo wa mbele ni laini, mkono unapenda kuteleza kuelekea nchani, na ncha ndiyo inayosuguliwa zaidi bila wewe kujua. Kata kigezo cha karatasi ngumu chenye umbo la pua ya bawa katika sehemu tatu, shinani, katikati na nchani, ukipime mara kwa mara, kushoto na kulia kwa kigezo kilekile. Mabawa mawili yanayofanana kasoro ni bora kuliko moja zuri na moja baya.

Mabawa ya Spitfire pia yanainuka kwa digrii 6 kutoka mlalo. Kwa ndege ya kawaida huo ni utulivu wa bure: ikilala upande inajirudisha. Kwa sarakasi ni kero, kwa sababu kila ukikanyaga usukani wa mkia wima, ndege inabiringika pia. Huwezi kuruka kwa ubavu hivyo. Punguza hadi digrii 2 au 2.5. Usiende sifuri: bawa likiwa chini ya bodi, hewa inayopita kwa upande huizunguka bodi kwa namna inayokula sehemu ya mwinuko huo, na ukiweka sifuri ndege itabiringika kinyume na usukani. Kwa vipimo vyako, ncha zitainuka karibu sentimita 3 badala ya sentimita 7 na nusu. Hili jicho linaweza kuliona ndege ikija uso kwa uso, sitakudanganya. Ikipita kwa ubavu halionekani.

Mkia wa mlalo wa Spitfire ni mdogo. Kwenye ndege halisi hilo halikuwa siri: elevata ilikuwa nyepesi mno, na Mk V zilifungwa vizito kwenye mfumo wa elevata ili fimbo iwe nzito kidogo mkononi kadiri rubani anavyovuta. Wewe kuza mkia kwa asilimia 15 kila upande. Mita 3.2 za ndege halisi zinakuwa sentimita 47 kwa uwiano wako, peleka 54. Eneo linaongezeka kwa karibu theluthi moja, na umbo lake la duara linabaki. Bawa na mkia vyote vikae digrii sifuri kuhusiana na mstari wa bodi.

Kioo cha kuba kina gharama. Kinapowekwa, mgongo wa ndege nyuma ya rubani hukatwa, na ndege inapoteza eneo la ubavu pale nyuma. Wamarekani waliyaona hayo kwenye Mustang: walipohamia kioo cha kuba cha P-51D, ndege ilipungua utulivu wa kwenda mbele, na baadaye wakaongeza pezi dogo mbele ya mkia wima. Mk XIV tayari ina mkia wima mkubwa, lakini bado ongeza upana wa usukani wake kwa asilimia 15 na uufunge kwa servo (mota ndogo ya kuuzungusha) yenye nguvu. Ukiruka kwa ubavu, usukani huo ndio unaoinua pua, na bodi yenyewe ndiyo inayogeuka kuwa bawa. Bodi ya Spitfire ni nyembamba huku nyuma, kwa hiyo usitegemee iruke ubavu polepole kama ndege za F3A za leo zenye matumbo makubwa. Itafanya kwa mwendo. Anayetaka zaidi ya hapo inabidi anenepeshe bodi, na hapo sasa ndipo sura inapoanza kupotea; mimi ningesimama.

Uzito nitausemea kwa ukali kidogo kwa sababu uko Nakuru. Mji wako uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Ndege ya kilo 2.6 yenye bawa hili, kwa makadirio, inaachia hewa kwenye kilomita 34 kwa saa ikiwa pwani na 37 au 38 kwako. Iache inenepe hadi kilo 3.4, kwa rangi, plaiwudi nzito na mapambo ya ndani ya chumba cha rubani, na utakuwa kwenye 43. Hiyo ni kasi ya kuachia, bado hujaweka akiba ya kutulia. Kilo 2.6 iwe lengo, 2.8 iwe mwisho. Pua ndefu ya Mk XIV inakusaidia hapa pia: mota na betri zinakaa mbele vya kutosha, huhitaji kubandika madini ya risasi kwenye pua kama wanavyofanya wenye pua fupi.

Mota, ambayo wenzako walianza nayo, haihitaji mjadala mrefu. Wati 300 kwa kila kilo zinatosha kwa sarakasi unazozitaka, yaani kama wati 780: betri ya seli 6 na ampea 35 hivi, propela ya inchi 15 kwa 8. Kwenye hewa nyepesi propela hiyo itavuta umeme kidogo kuliko ilivyoandikwa, na unaweza kujaribu inchi 16 baada ya kupima ampea. Ielekeze mota kulia kwa digrii 2 na chini kwa digrii 1. Griffon halisi ilizunguka kinyume na Merlin na kuwapeleka marubani upande wasiouzoea wakati wa kuruka. Huna sababu ya kuiga hilo, wala panga zake tano. Propela ikizunguka hakuna anayehesabu panga.

Miguu ya Spitfire imekaa karibu karibu na hukunjwa kwenda nje, ndiyo maana huyumba ardhini. Ikiwa unafunga miguu ya kukunja, panua nafasi kati yake na uikunje kwenda ndani. Ikiwa angani haionekani, na uwanja wa nyasi utakushukuru.

Kuhusu Mustang: ni rahisi zaidi kujenga, kwa kuwa kingo za bawa lake zimenyooka na unaweza kukata povu kwa waya wa moto bila hesabu nyingi. Bodi yake ina tumbo, jambo zuri kwa kuruka ubavu. Fw 190 nayo ina miguu iliyotanuka. Corsair, nyingine ya Wamarekani, ni nzuri kuitazama, lakini bawa lililovunjwa kama lile ni kazi ya miezi. Kama moyo wako uko kwa Spitfire, jenga Spitfire. Mtu hamalizi ndege asiyoipenda.

Rangi, kwa kifupi. Madoa ya kivita yalibuniwa ndege isionekane, na wewe unataka kuiona ikiwa imepinduka. Juni 1944 ndege za Washirika zilipakwa milia myeupe na myeusi kwenye mabawa na bodi, na baadaye ile ya juu ikafutwa huku ya chini ikibaki kwa muda. Weka milia chini ya mabawa tu. Utajua tumbo liko wapi kwa kutupa jicho mara moja.

Kitovu cha uzito anza nacho kwenye milimita 93 nyuma ya ukingo wa mbele, ukipima shinani. Hiyo ni robo ya upana wa bawa, na kwa Spitfire robo ya shina inatosha kama kipimo kwa kuwa nguzo kuu ya bawa imenyooka. Ruka tumbo juu kwa mlalo: ikiwa unasukuma elevata sana ili pua isishuke, sogeza betri nyuma kidogo, kiasi cha kitovu kurudi milimita 3, halafu ujaribu tena. Ukifika mahali ambapo kusukuma kidogo tu kunatosha, acha. Kisha ilaze kwa ubavu na ukanyage usukani. Ikibiringika kufuata usukani, mabawa yameinuka kupita kiasi. Ikibiringika kinyume, yameinuka kidogo mno. Tofauti ndogo itarekebishwa kwenye rimoti kwa kuchanganya usukani na eleroni.

Kabla ya kuizoea, panda mita 100, punguza mota na uvute elevata taratibu hadi bawa liachie. Angalia ni bawa gani linaanguka. Panda tena, ipindue tumbo juu, usukume hadi liachie. Likianguka bawa lilelile mara zote mbili, ama upande huo ni mzito au pua ya ncha yake ni kali kuliko mwenzake: pima uzito wa kila upande, kisha rudi kwenye kigezo cha karatasi. Likianguka moja ikiwa sawa na jingine ikiwa imepinduka, bawa lina msokoto. Washa pasi, pasha joto nailoni iliyofunika bawa huku mwenzako akilinyoosha kwa mikono miwili, na mlishike hivyo hadi lipoe.